Daktari wa ubongo yuko mbali, simu iko karibu: huduma ya kifafa inavyoweza kufika nyumbani Mboghoni

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na unatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi nao, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kushikwa tena iwapo wangetambuliwa mapema na kupewa dawa zinazofaa. Dawa hizo si ngeni wala si za anasa. Baadhi yake zimetumika kwa miongo mingi na ziko kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu.

Hata hivyo, wagonjwa wengi hawazipati, au huzianza kisha wakaziacha. Kwa mkazi wa wadi ya Mboghoni, katika kaunti ndogo ya Taveta, sababu moja iko wazi: umbali. Kutoka mjini Taveta hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iliyoko Voi ni takribani kilomita 110. Akiandikiwa kwenda Mombasa kumwona mtaalamu wa ubongo na neva, kuna takribani kilomita 150 nyingine. Safari hiyo humgharimu mgonjwa nauli yake na ya mtu wa kumsindikiza, chakula, pengine malazi, na siku mbili au tatu za kazi shambani. Familia hujikaza mara ya kwanza. Mara ya tatu au ya nne huamua kusubiri kidogo, dawa zikaisha, na kifafa kikarudi.

Makala haya yanaeleza jinsi simu ya mkononi inavyoweza kupunguza safari hizo. Simu haichukui nafasi ya hospitali, lakini sehemu kubwa ya matibabu ya kifafa hufanyika nyumbani, na habari ambazo daktari anazihitaji zaidi ziko kwa watu wa nyumbani. Zikipangwa vizuri, zinaweza kumfikia daktari bila mgonjwa kupanda matatu.

UMBALI UNAVYOKATIZA MATIBABU

Pwani ya Kenya ni mojawapo ya sehemu za Afrika ambako kifafa kimechunguzwa kwa miaka mingi, hasa katika kaunti ya Kilifi, kupitia kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la Lancet Neurology ulionyesha kwamba zaidi ya watu 6 kati ya kila 10 wenye kifafa hawakuwa wakipata matibabu yanayofaa. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na hali hiyo ni kuishi zaidi ya kilomita 30 kutoka kituo cha afya, kulipia dawa mfukoni, na mitazamo hasi kuhusu matibabu ya hospitali.

Utafiti mwingine wa Kilifi, uliochapishwa mwaka 2014, ulijaribu kuwaelimisha wagonjwa na walezi wao kuhusu kifafa. Imani potofu zilipungua, lakini elimu peke yake haikutosha kuwafanya wagonjwa wameze dawa kwa utaratibu zaidi. Familia ikishajua ukweli bado inahitaji dawa zilizo karibu, na mtu wa kuuliza mara kwa mara: dawa zimebaki ngapi? Kifafa kimemshika mara ngapi mwezi huu?

Madhara ya kukatiza matibabu yanaonekana katika mazingira ya Mboghoni yenyewe. Hapa ni kwenye mifereji ya kunyunyizia mashamba na migomba. Mtu anayeshikwa na kifafa akiwa pembeni mwa mfereji anaweza kuzama hata kwenye maji yasiyofika magotini. Mama akishikwa akiwa jikoni anaweza kuangukia mafiga. Kijana anayeendesha bodaboda hujihatarisha yeye na abiria wake. Kwa hiyo mwezi mmoja bila dawa si jambo la kuahirishwa mpaka mavuno.

KWA NINI KIFAFA KINAFAA KUFUATILIWA KWA SIMU

Watu wengi hudhani kwamba kifafa hutambuliwa kwa mashine. Ziko mashine zinazosaidia: kipimo cha mawimbi ya umeme ya ubongo, yaani EEG, na picha za ndani ya kichwa za CT au MRI. Lakini mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa EEG na majibu yakawa ya kawaida, kwa sababu wakati wa kipimo ubongo wake ulikuwa umetulia.

Kinachomwongoza daktari zaidi ni maelezo. Ilianzaje? Macho yalielekea wapi? Mwili ulikakamaa kwanza au ulianza kutikisika? Mkono mmoja au yote miwili? Ilichukua dakika ngapi? Alijikojolea? Aliuma ulimi? Baada ya hapo aliamka mara moja, au alilala na kuchanganyikiwa kwa muda? Mara nyingi mgonjwa mwenyewe hawezi kujibu, kwa sababu fahamu zilimtoka. Anayejua ni mama, mke, mume, ndugu au mwalimu aliyekuwepo.

Hapo ndipo simu inapoingia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Neurology uliwaonyesha madaktari video zilizorekodiwa na familia kwa simu za kawaida. Wataalamu wa kifafa waliweza kutofautisha kifafa na hali nyingine zinazofanana nacho kwa usahihi mkubwa, na video iliongeza uhakika juu ya maelezo ya mdomo na uchunguzi wa kliniki. Tofauti hiyo ni muhimu, maana si kila anayeanguka na kutikisika ana kifafa. Kuna kuzirai kwa kushuka kwa shinikizo la damu, kuna matatizo ya moyo, kuna kupungua kwa sukari mwilini, kuna mishtuko inayotokana na msongo wa mawazo, na kwa watoto kuna degedege la homa. Kila moja lina matibabu yake.

Waafrika mashariki nao wamechangia katika teknolojia hii. Mwaka 2023 jarida la Lancet Digital Health lilichapisha kazi ya watafiti waliotengeneza msaada wa utambuzi wa kifafa cha mishtuko, kwa kutumia taarifa za watu kutoka Kilifi nchini Kenya, Ifakara nchini Tanzania, Iganga na Mayuge nchini Uganda, pamoja na maeneo ya Ghana na Afrika Kusini. Wazo lenyewe ni rahisi: maswali machache yaliyochaguliwa kwa makini, yanayoweza kuulizwa na mhudumu asiye mtaalamu wa ubongo akiwa na simu mkononi, yamsaidie kujua ni nani anayehitaji kupelekwa mbele haraka.

NANI HUFANYA NINI

Huduma ya nyumbani haimaanishi kwamba mgonjwa anamtafuta daktari wa Nairobi mtandaoni na kumlipa. Ni mnyororo wa watu wanaojulikana, kila mmoja na kazi yake.

Familia ndiyo ya kwanza. Huangalia, huandika, hurekodi, na huhakikisha dawa zinamezwa.

Mhamasishaji wa afya ya jamii, yule ambaye wengi humwita CHP, ndiye wa pili. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua zaidi ya wahamasishaji 100,000 kote nchini, wakiwa na mikoba ya vifaa kama mashine ya kupima shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto na mizani, pamoja na simu yenye mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii. Kila mmoja huhudumia takribani nyumba 100, na huzijua. Vifaa vyake havitibu kifafa, lakini anaweza kupima sukari na shinikizo la damu, kuhesabu vidonge vilivyobaki, kutazama daftari la mgonjwa, na kumpigia simu afisa wa kituo akiwa palepale nyumbani.

Afisa wa kliniki au muuguzi wa zahanati au kituo cha afya ndiye wa tatu. Humchunguza mgonjwa ana kwa ana, huanzisha au huendeleza matibabu kulingana na mwongozo wa taifa wa kifafa, na huamua nani apelekwe hospitali ya kaunti ndogo ya Taveta au ya rufaa kule Voi.

Daktari wa hospitali, na mtaalamu wa ubongo na neva pale anapohitajika, ndiye wa nne. Wataalamu hawa ni wachache. Shirika la Afya Duniani lilipohesabu mwaka 2017 lilikuta kwamba nchi zenye kipato cha chini zina wastani wa wahudumu 0.1 wa magonjwa ya ubongo na neva kwa kila watu 100,000, ilhali nchi tajiri zina 7.1. Kwa sababu ni wachache, ni busara zaidi mtaalamu mmoja azungumze na afisa wa kliniki kuhusu wagonjwa kumi kwa simu kuliko wagonjwa hao kumi kusafiri wote mpaka aliko.

Mnyororo wa namna hii umejaribiwa kwingine. Mjini Ludhiana, India, wahudumu wa jamii waliopewa mafunzo ya msingi waliwatembelea wagonjwa wa kifafa nyumbani kwao, wakahesabu dawa na kuwafundisha walezi. Wagonjwa hao walifuata dawa vizuri zaidi kuliko wale walioachiwa kliniki peke yake.

JINSI YA KUREKODI VIDEO INAYOMSAIDIA DAKTARI

Usalama wa mgonjwa ndio wa kwanza, video baadaye. Kama mko wawili, mmoja amhudumie na mwingine arekodi. Kama uko peke yako, mhudumie kwanza.

Kumhudumia ni hivi:
• Tazama saa, ujue imeanza lini.
• Ondoa vitu vya hatari karibu naye: jiko, panga, jembe, mawe. Kama yuko karibu na maji, mvute mbali.
• Weka kitu laini chini ya kichwa na ulegeze nguo za shingoni.
• Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Mtu hawezi kuumeza ulimi wake.
• Usimkandamize kuzuia mtikisiko, wala usimmwagie maji.
• Mtikisiko ukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri.
• Kaa naye mpaka fahamu zimrudie sawasawa.

Kifafa hakiambukizi. Mate na povu la mgonjwa haviambukizi, na hakuna sababu ya kumkimbia.

Ukipata nafasi ya kurekodi:
• Onyesha mwili mzima kwanza, kisha uso, hasa macho na mdomo.
• Rekodi tangu mapema iwezekanavyo na uendelee dakika moja au mbili baada ya mtikisiko kuisha. Daktari anataka kuona anavyoamka.
• Muite jina na umuulize swali rahisi, kama "Hapa ni wapi?" Jibu lake, au kimya chake, ni habari.
• Sema kwa sauti kile ambacho kamera haikioni: "Ilianzia mkono wa kushoto," au "Alikuwa anakula."
• Washa taa au tochi kama ni usiku.

Familia yenye kabambe isiyo na kamera haijapoteza kitu kikubwa. Mtu aliyeona anaweza kumpigia afisa wa kituo na kueleza. Maelezo mazuri ya dakika tatu kwa sauti yanazidi video yenye giza.

DAFTARI LA KIFAFA

Chombo cha pili ni daftari la shule la kawaida. Kila kifafa kinaposhika, andika tarehe, saa, dakika zilizopita, na kilichotangulia: hakulala vizuri, alikuwa na homa, alikunywa pombe, alisahau dawa, au yuko kwenye siku zake. Mwisho wa mwezi hesabu. Andika pia siku dawa ilipobadilishwa na kiasi chake.

Faida yake huonekana kwenye simu ya ufuatiliaji. Mlezi akisema "anaendelea vizuri kidogo," daktari hana la kufanya. Akisema "mwezi wa tatu mara sita, mwezi wa nne mara mbili, na zote mbili alikuwa amekosa dawa ya usiku," daktari anajua kwamba dawa inafanya kazi na kwamba tatizo ni ile dozi ya usiku. Huenda hakuna haja ya kuongeza dawa, wala ya safari.

Kukumbusha dawa ni kazi nyingine ya simu. Kengele ya asubuhi na ya jioni haigharimu hata shilingi. Weka kengele nyingine siku kumi kabla ya vidonge kuisha, ili kuwe na muda wa kuvifuata.

SIKU YA KUZUNGUMZA NA DAKTARI KWA SIMU

Mara ya kwanza mgonjwa achunguzwe ana kwa ana. Daktari au afisa wa kliniki anahitaji kumgusa, kupima nguvu za mikono na miguu, kutazama macho, kusikiliza moyo, na kuamua kama kuna vipimo vya kufanywa. Baada ya hapo, ziara nyingi za ufuatiliaji zinaweza kufanywa kwa simu, kama mhudumu wenu amekubali na mmepanga siku.

Kabla ya siku hiyo, andaeni:
• Daftari la kifafa na kadi ya kliniki.
• Dawa zote anazotumia, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na miti shamba. Msiifiche. Baadhi huingiliana na dawa za hospitali.
• Mtu aliyemwona kifafa kinaposhika.
• Simu yenye chaji, na bando kama ni ya video. Mtandao ukisumbua, endeleeni kwa sauti.
• Mahali penye mwanga na faragha. Mgonjwa aliyekomaa apewe nafasi ya kuzungumza peke yake pia, kwa mfano kuhusu uzazi wa mpango, pombe au huzuni.

Karibu na mpaka simu inaweza kushika mtandao wa nchi jirani na kutoza gharama za nje. Hakikisheni mko kwenye mtandao wa Kenya kabla ya kupiga.

Mhamasishaji wa afya akiwepo, kazi huwa rahisi zaidi. Anaweza kushika simu ili mgonjwa aonekane akitembea, akinyoosha mikono, au akigusa pua kwa kidole. Hivyo ni vipimo halisi vya neva, na daktari anaweza kuviona kwenye kioo cha simu.

DAWA: MAMBO YASIYOBADILIKA

Fenobabitoni, kabamazepini, fenitoini na valproeti ni dawa za kifafa zinazotumika sana nchini. Iwe mgonjwa anafuatiliwa kwa simu au kliniki, kanuni ni zilezile.

Usiache dawa ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kinachofuatana bila kupumzika, ambacho ni hatari kwa maisha. Usiache eti kwa sababu miezi mitatu imepita bila kushikwa. Dawa ndiyo iliyosababisha utulivu huo. Daktari huanza kufikiria kupunguza baada ya miaka, na hupunguza polepole.

Usigawane dawa na jirani mwenye kifafa. Aina na kiasi hutofautiana kwa umri, uzito na aina ya kifafa.

Mwanamke anayetumia valproeti na anayeweza kupata mimba azungumze na mhudumu mapema, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache mwenyewe. Mazungumzo hayo yanaweza kuanzia kwenye simu.

Ukiona vipele mwilini, vidonda mdomoni, macho kuwa manjano, au usingizi mzito usio wa kawaida baada ya kuanza dawa mpya, nenda kituoni siku hiyohiyo.

WAKATI AMBAPO SIMU SI MAHALI PAKE

Kuna hali ambazo hazisubiri ujumbe wala video. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja iwapo:
• Kifafa kimezidi dakika 5, au kingine kimefuata kabla fahamu hazijarudi.
• Ni mara ya kwanza maishani.
• Ameshikwa akiwa ndani ya maji, ameumia kichwa, au anapumua kwa shida.
• Ni mjamzito. Inaweza kuwa kifafa cha mimba, ambacho kinahatarisha mama na mtoto.
• Ni mtoto mwenye homa, shingo ngumu au usingizi usio wa kawaida. Malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo huanza hivyo.
• Uso umeanguka upande mmoja, mkono au mguu umekosa nguvu ghafla, au maneno hayatoki sawasawa. Hizo ni dalili za kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya CT.

Hapo simu ina kazi moja tu: kupata usafiri na kukiarifu kituo kwamba mgonjwa yuko njiani. Hifadhi namba ya kituo chako na ya mwenye gari wa jirani leo, kabla hazijahitajika.

MAGONJWA MENGINE YA UBONGO NA NEVA

Njia hiihii inafaa kwa baadhi ya magonjwa mengine ya muda mrefu. Mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson, ambao huleta kutetemeka, ugumu wa viungo na mwendo wa kuburura miguu, anaweza kuonwa kwa video akitembea uani kwake. Nchini Marekani, utafiti wa watu 195 kutoka majimbo 18, uliochapishwa mwaka 2017, ulilinganisha huduma ya kawaida na ile iliyoongezewa ziara za mtaalamu kwa video nyumbani. Ziara za video ziliwezekana, na hali ya maisha ya wagonjwa haikuwa bora wala mbaya kuliko ya wale wa huduma ya kawaida. Kilichookolewa ni muda na safari. Kwa mtu anayehitaji watu wawili kumpandisha kwenye gari, hilo si jambo dogo.

Aliyepata kiharusi na kuruhusiwa kurudi nyumbani anahitaji mazoezi ya kila siku kwa miezi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimfundisha mlezi hospitalini, mlezi anaweza kurekodi mazoezi hayo kwa simu yake na kuyafuata nyumbani, kisha kuulizana na mtaalamu kwa simu maendeleo yakisimama. Vipimo vya shinikizo la damu vinavyochukuliwa na mhamasishaji wa afya ndivyo vinavyosaidia kuzuia kiharusi cha pili.

SIRI YA MGONJWA NA GHARAMA

Video ya mtu akiwa katika hali ya kifafa ni sehemu ya rekodi yake ya afya. Isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, la chama wala la ukoo. Mgonjwa akipata fahamu aonyeshwe na aulizwe kama anakubali ipelekwe kwa daktari. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayekubali. Itumwe kwa mhudumu mmoja anayehusika, kisha ifutwe kwenye simu ikishatumika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inatambua huduma za afya zinazotolewa kwa njia ya mtandao na kutaka siri ilindwe. Msichana mmoja akichekwa shuleni kwa video iliyosambazwa, familia nyingine kumi zitaficha wagonjwa wao.

Jihadhari pia na matangazo mtandaoni ya "tiba ya kudumu ya kifafa" yanayotaka pesa itumwe kwanza. Mhudumu wa kweli huwa na kituo kinachojulikana na usajili unaoweza kuthibitishwa, na hamwambii mgonjwa atupe dawa zake.

Kuhusu malipo, wanaojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, hupata huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma kupitia Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi. Usajili hufanywa kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya. Kwa huduma za hospitali, michango ya familia iwe imelipwa.

PA KUANZIA WIKI HII

Nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana juu ya lengo la kufikiwa ifikapo 2031: asilimia 90 ya watu wenye kifafa wajue kwamba wana ugonjwa unaotibika, asilimia 80 kati yao wapate dawa, na asilimia 70 kati ya wanaotumia dawa watulie. Mgonjwa ambaye hajajulikana na mhudumu yeyote hayumo katika hesabu hiyo, na yumo katika nyumba fulani kijijini.

Kwa hiyo, kama kuna mtu nyumbani au kwa jirani anayeanguka:

1. Mjulishe mhamasishaji wa afya wa kijiji chako. Kama humjui, uliza kwenye baraza la chifu au kwenye zahanati iliyo karibu.
2. Mpeleke kituoni achunguzwe ana kwa ana, hata kama amekuwa na hali hiyo kwa miaka kumi. Hujachelewa.
3. Anza daftari leo. Andika hata vile vya mwezi uliopita unavyovikumbuka.
4. Mkiwa kituoni, uliza mambo matatu: Ni namba gani tunayoweza kupiga? Ni ziara zipi zinaweza kufanywa kwa simu? Dawa tutazichukulia wapi karibu na nyumbani?
5. Mpange nyumbani nani atakaa naye karibu na jiko na maji, na nani atashika simu.

Walimu nao wana nafasi yao. Mtoto anayekodoa macho na kukatika mawazo darasani kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, huenda hana utukutu wala uvivu. Hiyo ni aina moja ya kifafa isiyoleta kuanguka. Mwalimu anayeandika saa na idadi ya matukio hayo kwa wiki moja na kumkabidhi mzazi karatasi hiyo anampa mhudumu wa afya mahali pa kuanzia.